Kadi sita za masanamu ya Wagiriki zilizoninyima shule, Garissa miaka ya hamsini

Asalaam aleikum wakuu,

Jana kuna mjuaji mmoja humu jukwaani ameandika eti watu wa Kaskazini hawana jicho la sanaa, tunajua ngamia tu. Na nyinyi mkamgongea like!

Tangu nisome ile post hata chai hainipiti.

Mimi ni mzee wa miaka themanini na kitu, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo makosa mtanisamehe. Ila haya yalinikuta mimi mwenyewe. Nikitia chumvi, Mwenyezi Mungu ananiona.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa nasoma shule ya mabati hapa Garissa. Vijana hamjui, lakini wakati ule eneo letu lote lilikuwa limefungwa. Kutoka kwenda bara, yaani sehemu nyingine za Kenya, ulihitaji pasi yenye sahihi ya mzungu, kana kwamba unavuka kwenda nchi ya watu. Na shule ya kuendelea ilikuwa huko huko bara.

Mwaka ule nafasi ilikuwa moja. MOJA, wakuu. Ukiikosa unarudi kuchunga.

Anayechagua ni afisa wa elimu, mzungu, sisi tukimwita Bwana Mkaguzi. Huyu bwana alikuwa na ugonjwa mmoja: Wagiriki wa kale. Akija darasani ni Wagiriki, akinywa maji ni Wagiriki. Alisimama mbele yetu akasema Wagiriki ndio waliomfundisha binadamu kusimama vizuri, na iliwachukua mamia ya miaka ya kuchonga mawe mpaka wakajua.

Mimi nikajiambia, wallahi, abti wangu anasimama vizuri kila siku na hajamwona Mgiriki.

Abti ni mjomba, kaka ya mama, naye mjomba humwita mpwa wake vivyo hivyo. Abti wangu alikuwa mnunuzi wa ngamia, kwenye mnada wa Modogashe walimjua. Alinilea machungani kabla ya shule, na somo lake lilikuwa hili: "Abti, usitazame kichwa, usitazame nundu. Tazama uzito umekaa mguu gani. Mapambo tazama mwisho."

Ndama akizaliwa hukaza miguu yote minne kama vigingi, anaogopa kuanguka. Akizoea, analegeza mmoja. Akikomaa, anaegemea upande bila kufikiri. Akizeeka, mwili unapinda na maumivu unayaona. Na kuna wauzaji walaghai, wanamnywesha ngamia mzee maji mpaka ajae, wanampaka samli, ukiangalia juu juu ni kijana. Abti alikuwa anainama kwenye magoti na kwato tu, basi, ameshajua.

Hayo muyashike, nakuja.

Siku ya interview Bwana Mkaguzi akaja na boksi la kadi zenye picha. Kila mmoja wetu anaingia peke yake, anawekewa kadi sita mezani, picha juu, maandishi ya Kiingereza nyuma, kuzigeuza marufuku, anaambiwa: panga kuanzia sanamu ya zamani kabisa mpaka ya mwisho. Mwalimu wetu, mtu wa Lamu, mpole na mcha Mungu, alikuwa pembeni akitafsiri.

Nilipoziona nilitaka kukimbia. Subhanallah, watu uchi! Mwalimu mwenyewe alikuwa anatafsiri huku ameangalia paa.

Nikakumbuka maneno ya abti. Nikaacha nyuso, nikaacha nywele, nikaangalia miguu.

Mmoja alikuwa amekaza kabisa. Mikono imebanwa ubavuni, mguu wa kushoto mbele, lakini uzito uko miguu yote miwili, na anatabasamu bila sababu. Nikasema huyu ndiye ndama. Nikamweka wa kwanza.

Wa pili tabasamu limeisha, goti moja limeanza kulegea, kichwa kimegeuka kidogo. Wa tatu amehamisha uzito wote kwenye mguu mmoja, nyonga imepanda, bega la upande ule limeshuka, uso umetulia. Wakuu, huyo alikuwa mchungaji wa hapa kwetu Balambala kabisa, amekosa fimbo tu mabegani! Wa nne amekuwa mwembamba, kichwa kidogo, mwili umejipinda kwa maringo. Wa tano ni bibi kizee, mgongo umekunjika, mdomo wazi, mpaka mishipa ya shingo unaihesabu.

Ikabaki ya sita. Mwanamke wa jiwe, amesimama amekaza kama yule wa kwanza, nguo yake ina mikunjo iliyonyooka, na lile tabasamu lile lile. Mtu yeyote angemweka mwanzoni.

Nikainama kwenye miguu. Wale wa zamani wote wamekanyaga kwa wayo mzima. Huyu kisigino kimeinuka! Anatembea kwa ncha za vidole, kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kujua kusimama, ila anajifanya hajui. Nikasema wewe umepakwa samli. Nikamweka mwisho kabisa.

Bwana Mkaguzi akatoa karatasi yake ya majibu. Akatazama. Akatazama tena. Zile tano za kwanza zimefuatana sawasawa na zake.

Mnadhani alinipa mkono?

Akauliza, "Nani alikufungulia boksi?"

Boksi lilikuwa limekaa ofisini kwa mwalimu tangu jana yake. Nikamwambia hakuna, Bwana, nimetazama miguu. Nikamweleza habari ya ngamia na ya kile kisigino, mwalimu akatafsiri neno kwa neno. Mzungu akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akagonga ile kadi ya sita. Kwenye karatasi yake ilikuwa ya pili.

"Hata kuiba umeiba vibaya," akasema.

Hapo damu ikanichemka. Mimi mwizi? Na mwalimu wangu naye amefanywa mwizi mwenzangu?

Nikasema, "Bwana, kama niliiba majibu yako, hii ningeiweka mahali ulipoiweka wewe. Igeuze usome nyuma."

Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo. Akasoma, shingo ikawa nyekundu. Mwalimu akanyoosha shingo, akasoma kwa sauti, kwanza kwa Kiingereza halafu kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie: sanamu hii ilichongwa mamia ya miaka baadaye, kwa kuiga mtindo wa kale.

Mkaguzi akakusanya kadi zake polepole. Akasema kijana anayebishana na afisa hana nidhamu ya kwenda bara. Pasi yangu, kama za wenzangu, ilikuwa pale mezani, jina limeshaandikwa, imekosa sahihi tu. Akairudisha kwenye mkoba.

Yaani kwanza nilikuwa mwizi. Wizi ulipokosekana, nikawa mjeuri. Wacheni tu!

Na nafasi hiyo hakupewa mtu. Bora angempa mwenzangu, ningesema ni riziki yake. Mwaka mzima kitanda kimoja kilikaa kitupu huko bara.

Mama alikuwa ameshanikaangia nyirinyiri ya safari, nyama ya ngamia iliyokaushwa kwenye samli, chombo kizima. Tuliila nyumbani siku tatu. Wiki iliyofuata niko na abti njia ya Modogashe, nyuma ya ngamia, na huko ndiko nilikomalizia ujana wangu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka uliofuata Mkaguzi alirudi na boksi lile lile. Mwalimu alinitafuta mnadani kunieleza, macho yamemjaa machozi. Kwenye karatasi ya majibu, kadi ya sita ilikuwa imekatwa pale pa pili na kuandikwa mwisho, kwa kalamu ya mzungu mwenyewe. Na aliwaeleza vijana kwa fahari: msitazame uso, tazameni kisigino.

Somo la abti wangu! Jibu langu likapita shule, mimi nikabaki nje.

Funzo langu ni dogo: usidharau jicho la mtu kwa sababu lilijifunzia kwenye zizi. Na wewe mjuaji wa jana, hizo picha siku hizi zimejaa kwenye simu. Zitafute, uzipange, halafu uje hapa chini utuambie ulianzia wapi kutazama.

Wengine karibuni. Matusi sijibu, ila ukiniita mwizi nitakujibu.