Tundu la Kombe

Enzi zetu pale kijijini Wema, kando ya mto, kabla watoto hawajaanza kuzaliwa na simu mkononi, pambo la msichana lilikuwa mkufu wa makombe. Aliyetuletea ni Rehema, binti wa shangazi yangu wa Kau, aliyekuja kukaa kwetu ili asome. Kila likizo ikiisha alirudi na vigamba vyeupe vya pwani, kila kimoja kina tundu moja la mviringo, safi kama la kifungo. Kazi yetu ilikuwa kupitisha uzi tu. Vilinukia chumvi, nasi watoto wa matope ya mto tulivilamba kisirisiri.

Lakini nani aliyetoboa? Mimi nilishikilia ni Rehema mwenyewe, kwa msumari wa moto.

"Haki ya Mungu ni konokono," alisema. "Anatoboa apate kula nyama ya ndani."

Tulicheka mpaka machozi. Konokono tuliowajua sisi walikuwa wa migombani, wanakula majani, hawana haraka na mtu. Nikamwita Rehema Muongo, na jina likamganda. Hata chaki ikipotea darasani, yeye ndiye aliyeulizwa kwanza.

Likizo moja akanivuta twende nikaone. Tukashuka kwa mtumbwi hadi Kau, na kesho yake shangazi akatupeleka ufuoni Kipini. Maji yalikuwa yamekupwa. Rehema alifuata mfuo kwenye mchanga, akafukua, akatoa konokono wa mviringo, gamba linang'aa, amelikumbatia kombe zima. Akambandua.

"Papasa."

Kidole changu kikakuta kishimo ambacho hakijafika ndani. Fundi alikuwa kazini! Nilifurahi kujua, kisha nikaona aibu. Rehema akalifunga lile kombe kwenye pindo la leso.

Kurudi Wema wenzangu wakaniuliza kama nimemwona huyo konokono. Mimi ndiye niliyempa mwenzangu lile jina, nikashindwa kulimeza. Nikasema hatukumpata. Rehema alinitazama tu, akaendelea kuitwa Muongo mpaka tukamaliza shule.

Juzi mwanangu, asiyejua kushika hata kafi la mtumbwi, alibonyeza simu akanionyesha konokono huyo, na ulimi wenye meno unaokwangua gamba. Dakika haikuisha! Sisi tulisafiri siku mbili kuujua ukweli, na bado nikauficha. Nikampigia Rehema.

"Dada, yule konokono nilimwona."



"Lile kombe ninalo mpaka leo," akasema. "Ningeweza kuwaonyesha siku ile ile. Nilitaka useme wewe."