Saa Kwenye Kifundo cha Mguu

Kiangazi kile kisima cha shule ya misheni kilipokauka, wasichana wa bweni waliteremka bondeni mara mbili kuchota maji kabla ya kengele ya kwanza, na aliyetangulia kurudi siku zote alikuwa binti mwembamba wa miaka kumi na mitano, ndoo kichwani, akiimba bila kutweta, kana kwamba kilima kile kilikuwa sakafu ya kanisa. Wenzake wakampa jina la Swala. Mtawa aliyewafundisha kushona alilalamika kwamba mtoto huyo hakalii kiti muda wa kutosha kumaliza pindo moja.

Jina lilimganda, wembamba haukumganda. Alipotimiza miaka sitini na mmoja, Swala alikuwa fundi cherehani mwenye chumba chake mtaani, chenye meza ya kukatia, pasi ya umeme, na cherehani ya kukanyaga aliyokataa katakata kuibadilisha kwa ya mota. Alikuwa pia na kilo tisini na nne, na magoti yaliyoanza kumsuta. Hayo angeyavumilia, lau bintiye asingehamia ghorofa ya nne ya jengo lisilo na lifti, akajifungua huko mjukuu wa kwanza. Kila Jumapili mtoto aliteremshwa hadi chini, na bibi akampokea akiwa ameketi kwenye kiti cha mlinzi wa geti, kama mtu aliyekuja kuchukua kifurushi. Swala alitaka jambo moja tu: apande ngazi zile kwa miguu yake, amwogeshe mjukuu wake nyumbani kwao, kabla mtoto hajaanza kutembea.

Akaenda zahanati. Mwuguzi wa lishe, msichana mchangamfu mwenye miwani, alimwekea mbele karatasi yenye visanduku vinne: anayekaa muda mwingi, anayetembea kidogo, anayetembea sana, na mwenye kazi nzito.

"Chagua ukweli, mama. Chakula nitakachokupangia kinategemea hapo."

"Mwanangu, mimi jioni nikifika nyumbani sijiwezi. Andika kazi nzito."

"Uchovu hatupimi, mama. Tunapima mwendo." Akamwazima saa ya kuhesabu hatua, aivae kwa wiki mbili.

Siku ya kwanza tu, saa ile ilinasa uzi wa gauni la hariri la mteja. Fundi gani atakubali kuvaa kitu cha namna hiyo mkononi? Swala akaivua, akaifunga kwenye kifundo cha mguu wa kulia, mahali ambapo haingeharibu kitambaa cha mtu, akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Wiki mbili zilipokwisha, mwuguzi alisoma tarakimu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hatua elfu thelathini na moja kwa siku! Mama, huwa unakwenda wapi?"

"Natafuta riziki, mwanangu."

Mwuguzi akatia alama kwenye kisanduku cha nne, akamwongezea mkate wa asubuhi na wali wa mchana, na saa akamwachia aendelee kuivaa. Swala alirudi nyumbani akiwa amevikwa kilemba cha ukoka, na aliyemvika hakuwa na habari. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, aliweka gazeti chini.

"Elfu thelathini? Mimi nilikuwa na lori, na sikufika huko."

"Wivu huo, mzee. Nipakulie wali, nimeandikiwa na wataalamu."

Kwa wiki sita alikula alivyoandikiwa, bila kuzidisha kijiko, na akaongezeka kilo mbili. Aliishutumu mizani ya zahanati kuwa imezeeka. Lakini bintiye alipompigia simu kumwambia kwamba mtoto sasa anakaa mwenyewe bila kuegemezwa, Swala alifurahi, kisha akahesabu miezi kwa vidole, maana alijua baada ya kukaa kunafuata nini.

Ukweli ulifichuka Jumanne moja mkanda wa cherehani ulipokatika. Alizunguka mji mzima kutafuta mwingine, duka baada ya duka, asubuhi hadi alasiri, akarudi nyayo zikiwaka moto. Akainama kwa shida kuisoma saa. Hatua elfu tisa.

"Imekufa!" akamwambia mumewe. "Siku niliyotembea kweli ndiyo inanidhulumu!"

Kesho yake aliipeleka zahanati akiwa amenuna.

"Huwa unaivaa mkono upi, mama?" mwuguzi aliuliza.

"Mkono wa nini? Naivaa hapa." Akanyoosha mguu.

Mwuguzi akautazama mguu, akamtazama fundi usoni, kisha akautazama mguu tena. Nao, kwa mazoea ya miaka arobaini, ulikuwa umerudi sakafuni na kuanza kukanyaga taratibu.

"Mama, usiniambie cherehani yako ni ya kukanyaga."

Walicheka mpaka watu wa foleni wakachungulia mlangoni.

"Kwa hiyo safari yote ile nimeisafiri nimekaa kitako!"

"Mguu umefanya kazi, sikatai. Lakini mwili wote umekaa, nami nikampangia chakula mpagazi."

Swala alijipangusa machozi ya kicheko, akaomba kalamu, akatia alama kwa mkono wake mwenyewe kwenye kisanduku cha kwanza. Ilimuuma kidogo, lakini alipotoka nje alijiona mwepesi.

Mkate ukapunguzwa. Pasi akaihamishia pembe ya mbali ya chumba, ili kila mshono umnyanyue kitini. Nguo zilizokamilika hakungoja tena zifuatwe. Alizipeleka mwenyewe majumbani mwa wateja, mumewe akimbebea mfuko.

"Lori limepata mzigo tena," mzee aliwatangazia majirani, na majirani wakaitikia kwa honi za midomo.

Saa sasa aliivaa mkononi, tena alipoondoka kwenye cherehani tu. Ilionyesha hatua elfu sita, elfu saba, halali zote. Katika miezi mitano alipungua kilo nane.

Habari ya mwisho kumhusu ni ya Jumamosi mvua zilipokatika. Alianza kupanda ngazi saa nne asubuhi, mumewe nyuma yake. Alipumzika mara moja, ghorofa ya pili, akakataa kushikwa mkono. Bintiye alipofungua mlango, mtoto alikuwa amesimama akiwa ameshikilia kiti, hajathubutu kukiachia. Swala alimsalimu kwa jina lake, akaomba beseni, akakunja mikono ya gauni, akapima joto la maji kwa kiwiko, akamwogesha.