Patasi Zilizoandikwa za Msikiti

Seti yenyewe ilikuwa na vyuma kumi na viwili, mipini imeng'arishwa, na kwa miezi mitatu niliitazama kwenye simu kila nilipongoja chai ipoe. Mimi ni mchonga milango, Lamu, na mikono yangu imekulia kwenye patasi za nyumbani, zile zinazofuliwa kwa springi za gari kuukuu. Ni vyuma vizuri, sivitukani. Lakini nakshi ndogondogo, kwenye mshipa wa jani au kona ya ua, hutaka bobari nyembamba, yaani patasi yenye makali ya mviringo, na nyembamba za namna ile zilikuwa ng'ambo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba nilitaka mafundi wenzangu waje wazione mezani kwangu na wivu uwakerekete.

Bei ya seti nilikuwa nayo. Nilipobonyeza kununua ndipo nauli ya mzigo ikajitokeza, na ilikaribia bei ya patasi zenyewe. Nikasonya, nikalipa. Mimi nikikasirika hulipa upesi, ndio ugonjwa wangu. Mzigo ulipofika Mombasa, wakala wa kutoa mizigo forodhani akanipigia simu kunitajia yaliyobaki: ushuru wa forodha, VAT, ada hii na ile, ujira wake, halafu basi hadi Mokowe na boti ya kuvuka. Nikamuuliza kwa nini ushuru umekuwa mkubwa hivyo. Akanieleza kwa upole kwamba hauhesabiwi kwa bei ya kitu peke yake, unahesabiwa kwa bei pamoja na nauli.

"Yaani nauli iliyoniumiza nailipia ushuru tena?"

"Ndivyo ilivyo, boss." Kisha akauliza, "Lakini hizi ni za biashara ama ni za taasisi? Kama ni za msikiti, tunaweza kuomba msamaha wa ushuru. Utanitumia tu barua yenye muhuri."

Simlaumu. Aliuliza swali la kazi yake, na mtu mwongofu angejibu, ni za biashara. Mimi nikamwambia nitamtumia barua.

Aliyenifundisha uchongaji, ninayemwita fundi tu, na ambaye mpaka leo nafanya kazi katika karakana yake, ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya msikiti wetu tangu sijaota ndevu. Muhuri ulikaa kwenye saraka yake. Watu wa mtaani wakisafiri walimwachia yeye funguo za nyumba zao, hata wenye ndugu wa damu jirani. Miaka hiyo ya karibuni alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akingoja kupasuliwa, na karatasi zake zote nikimsomea mimi. Na mimbari ya msikiti kweli ilikuwa imeliwa na mchwa, kila mtu akisema itengenezwe. Kwa hiyo uongo wangu ulikuta kiti tayari, ukakaa.

Barua niliiandika mwenyewe kwa mpiga chapa. Ilisema kwamba vifaa hivi ni wakfu wa msikiti kwa ajili ya kutengeneza mimbari, na kwamba havitatumika kwa biashara. Nikampelekea fundi karakanani baada ya sala ya alasiri.

"Mwanangu, yasema nini barua hini?"

Nikaishika mbele ya uso wangu kama msomaji hasa. "Yasema kwamba mimi ni mchongaji katika karakana yako, fundi, na kwamba wanijua kwa tabia njema."

Akatabasamu. "Hilo ni kweli," akasema, akaisogeza karatasi puani mwake, akatia sahihi. Muhuri niliugonga mimi kwa sababu yeye hakuuona mstari. Nakumbuka niliupuliza wino ili ukauke.

Ombi likakubaliwa. Patasi zikaja kwa basi na boti, nikazipanga mezani, na wenzangu wakaja wakatazama. Furaha yangu ilidumu siku nne. Siku ya tano simu ya fundi, ambayo namba yake nilikuwa nimeiandika kwenye barua, ikalia. Kwa kuwa haoni vitufe vizuri, husikiliza kwa spika, na mimi nilikuwa hatua sita kutoka kwake nikichonga kizingiti.

"Asalam aleikum, mzee. Ni wakala wa Mombasa. Vile vifaa vya wakfu wa msikiti vilifika salama? Nataka tu kufunga faili."

Mkono wangu ukasimama. Yule mtu akasema haloo mara mbili kabla fundi hajajibu.

"Zimefika," fundi akasema. "Zi hapa." Akakata simu.

Hakupaza sauti. Aliniita, akaniambia nilete nakala ya ile barua nimsomee tena. Nikasoma, safari hii kama ilivyoandikwa, neno kwa neno. Nilipomaliza akauliza:

"Na ile tabia njema iko wapi?"

"Haimo, fundi."

Nimewahi kukatwa na patasi mpaka mfupa ukaonekana. Heri siku ile. Nikaanza kubwabwaja, kwamba nitampigia wakala, nitalipa ushuru wote, nitasema tulikosea. Akaniinulia kiganja, kisha akakielekeza kwenye patasi.

"Umeandika wakfu, na jina la msikiti limetumika. Zombo hizi zimeandikwa za msikiti, basi ni za msikiti. Kama wataka kulipa ushuru, lipa pia. Lakini zombo si zako tena."

Nakiri kwamba kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa toba. Ilikuwa hasira. Nilizitazama patasi zangu alipokuwa akizifuta moja moja kwa kitambaa na kuzihesabu kwa vidole, na nikajisemea moyoni kwamba mzee huyu ananionea. Aibu ilikuja baadaye, njiani nikirudi nyumbani Wiyoni, na ilipokuja ilikuja yote. Sikuweza hata kuitikia salamu za watu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, kamati ilikaa mbele ya watu kama kawaida. Fundi akaomba kusema.

"Kuna barua imetoka kwa jina la msikiti huu, nanyi hamkuyua. Imeombea zombo za kuchongea msamaha wa ushuru. Sahihi ni yangu. Niliitia bila kuisoma, na mtu wa hivyo hafai kukaa na muhuri."

Kisha akabaki amesimama. Akageuza uso upande wa kushoto, karibu na nguzo, ninapokaa kila Ijumaa. Hakuweza kuniona kwa umbali ule, lakini alijua nipo. Alinipa nafasi. Ilikuwa ndefu kiasi cha kutosha mtu kusimama, kukohoa na kusema, ni mimi. Nilikuwa na miguu na nilikuwa na ulimi. Nikautazama mkeka.

Nyuma yangu mzee mmoja akanong'ona, "Hata huyu! Kumbe naye akwepa ushuru." Mwingine akacheka puani. Fundi akauweka muhuri mbele ya imamu, akarudi kukaa.

Ushuru niliulipa. Wakala alinionyesha njia ya kurekebisha karatasi na hakuniuliza sababu. Lakini hilo lilijulikana kwake na kwangu tu, na huko Mombasa hakuna anayemjua fundi wangu. Huku kwetu habari ilikwisha kupata miguu. Jirani aliyekwenda kwa wanawe Kiunga alimwachia funguo muuza duka.

Mimbari niliitengeneza mimi, bila ujira, kwa patasi zilezile. Na zilikata, wallahi, kama nilivyoota. Nilikuwa nikijisahau kwa raha ya kazi, kisha nakumbuka, na uso unapata moto nikiwa peke yangu. Fundi alikuja kila alasiri, akapitisha kidole gumba juu ya nakshi, akasema "Hapa punguza," au "Hapa sawa," na hakusema lingine. Mara ngapi nilikusanya maneno! Nikaishia kuinamia nakshi tena.

Ijumaa ya kwanza imamu alipopanda mimbari mpya, watu walinizunguka mlangoni baada ya sala. Yule mzee mnong'onaji akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mngu akujazi kheri," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nasikia zombo zilikuwa zako, fundi wako akataka kuzipitisha kwa ndia za panya, wewe ukazitoa wakfu. Mngu akupe umri."

Fundi alikuwa ameinama pale pale mlangoni, akipapasa kutafuta viatu vyake. Mkono wake ukatulia. Hakuinua kichwa.

Watu walikuwa wakiningoja niitikie dua. Nikasema, "Amin."