Ndege ya Bibi Niliyoikataa

Mnisamehe mwandiko wangu, na herufi nilizokosea mzirekebishe wenyewe, maana niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, halafu kisa chenyewe kinanitia aibu mpaka leo.

Bibi yangu alikuwa Mtwara kwa baba mkubwa, akatakiwa kwenda Dar kutibiwa mgongo, mgongo ambao hauwezi tena safari ya basi. Akakatiwa tiketi ya ndege. Akagoma. Mwisho akanipigia simu (mimi huniita mume wake), akasema, "Mume wangu, nitapanda, lakini nikipita juu ya Kilwa mnipungie ile kanga yangu ya njano, nijue sijapotea."

Nikasema haya. Hapo ningemwuliza mtu aliyewahi kupanda ndege, yakaisha, lakini mimi kuuliza watu naona haya, tena nilitaka kujua mwenyewe ndege inakwendaje, basi nikachukua uzi (najifunza ushonaji) nikaulaza kwenye ramani kufuata barabara, Mtwara, Lindi, Nangurukuru, mpaka Dar, nikaona Kilwa tuko katikati, nikajiambia basi linakwenda kutwa nzima, ndege haikosi kulizidi mbio mara mbili. Inaondoka saa tatu asubuhi, kwa hiyo kwetu itapita saa tano na kitu. Nikatangaza.

Siku hiyo majirani na watoto walikuja uwanja wa mpira wa hapa Kilwa Masoko mapema mno, na Shangazi Somoe akabeba kanga ya Bibi imekunjwa kwenye beseni. Saa tatu na nusu ikapita ndege, juu sana, inameta. Watoto wakaanza kurukaruka.

"Tulieni!" nikasema, mimi ambaye siku zote sauti yangu haisikiki. "Hiyo siyo. Ya Bibi haijafika hata Lindi."

"Una hakika, fundi?" Shangazi akauliza, mkono uko kwenye beseni.

"Nimepima."

Saa nne na robo simu ya Shangazi ikalia, akaweka sauti ya juu ili wote tusikie.

"Nimeshafika Dar," Bibi akasema. "Nakunywa chai."

Uwanja mzima ukanigeukia. Jirani yetu mmoja, muuza samaki, akasema, "Fundi, kumbe wewe uliipitisha Nangurukuru ikale chakula kwanza kama basi!" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini, nami nikatafuta pa kuficha uso nikakosa.

"Mnacheka nini?" Bibi akauliza. "Mimi nimewaona! Kanga yangu nimeiona ya njano kabisa, moyo ukatulia."

Kanga ilikuwa bado imekunjwa. Shangazi akanitazama, mimi nikatazama beseni.

"Tulikupungia, Mama," akasema.

"Na mume wangu je?"

"Huyo ndiye aliyepunga kuliko wote."

Nimeapa sitapima tena safari ya angani kwa uzi, nitauliza, hata nikitetemeka. Bibi atarudi Mtwara kwa ndege mwezi ujao, na safari hii nitakuwa uwanjani tangu alfajiri, nipungie kila kinachopita. Basi naanza kuuliza kwenu: mliowahi kupanda ndege, niandikieni tafadhali, mtu akiwa juu kule anaweza kuona kanga? Na kama haonekani mtu wala kanga, Bibi yangu aliona nini cha njano?