Chumvi ya Mtani

Miaka ile vita vya kuwang'oa Wareno vilipopamba moto ng'ambo ya Ruvuma, mimi nilikuwa naishi mtaa wa Chuno, mke wa mtu nisiyefikisha hata miaka miwili ya ndoa, nakufa njaa ndani ya nyumba yenye chakula. Nasema waziwazi kwa sababu wanaonisikia nikisimulia hudhani palikuwa na ukame, au mume bahili. Wapi! Makopa ya muhogo yalijaa gunia, samaki walipitishwa mlangoni kila asubuhi, na mume wangu, mpakuzi wa mizigo bandarini, hakuwa mtu wa kurudi mikono mitupu. Nilifungwa chakula na mganga.

Nilikuwa nimeugua tumbo. Lilinikata chini ya chembe cha moyo, nikila natapika, nisipokula naungua. Mama mkwe wangu akanipeleka kwao, karibu na Kilambo, kwa mganga mmoja aliyekuwa akivuka mto kuja kutibu upande wetu. Alinichemshia mizizi michungu kama nini sijui, akanipa mwiko: nisionje chumvi, nisile samaki, nisile kilichoungwa kwa nazi. Siku ya kupona angekuja mwenyewe kunifungua, anilambishe chumvi kwa mkono wake. Kabla ya hapo, nikivunja mwiko, ugonjwa ungerudi na safari hiyo usingetoka. Alisema hivyo kwa upole, akavuka kurudi kwao kuwatazama wanawe. Hakuonekana tena.

Tumbo lilipoa upesi. Nilimsubiri mganga kwa furaha, kisha kwa mashaka, kisha kwa hofu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Waliovuka wakikimbia mabomu tuliwauliza. Mmoja alisema mganga amekimbilia bara, mwingine alisema amekufa, wa tatu hakuwahi kumsikia. Kama amekufa, nani atanifungua? Hilo ndilo swali nililoamka nalo na kulala nalo.

Na hofu haikai palepale ilipowekwa. Siku moja nilikula ndizi mbivu, tumbo likanguruma kidogo, basi nikaiacha ndizi. Hakuna aliyenikataza. Boga nikaliacha kwa sababu lilikuwa tamu mno, na kitu kitamu hakiwezi kuwa salama. Kunde zikafuata, kisha ugali. Mwishowe nikabaki na uji mwepesi wa muhogo, nusu kikombe asubuhi, nusu jioni, na hata huo niliunusa kwanza kama paka aliyetiliwa sumu. Nikimaliza nilikaa nimeshika tumbo, nikisikiliza.

Bangili zangu zilikuwa zikitoka zenyewe nikinawa. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nilijifunika blanketi jua la mchana likiwaka, na damu ya mwezi ilikatika kabisa. Mume wangu, ambaye si mtu wa kelele, alisimama mlangoni siku moja akafoka: "Mganga hayupo! Utamngoja mpaka lini?" Nikamjibu kwamba ni rahisi kusema kwa mtu ambaye hatakufa yeye. Akavaa viatu akatoka. Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani yake, alikuwa akilalamika peke yake jikoni: "Ntoto wa watu atanifia mikononi. Nitawambia nini kwao?" Ndiye aliyenipeleka kwa yule mganga, na nadhani hilo lilimla kuliko njaa ilivyonila mimi. Lakini na yeye aliuogopa mwiko. Hakuthubutu kunilazimisha.

Basi, jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa Myao, na ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Asiyejua utani wa kwetu ajue hili: mtani wako anaweza kukuingilia ndani, akachukua kuku wako, akakutukana mbele ya wakwe zako, na wewe ukikasirika aibu ni yako. Msibani watani ndio huchekesha waliofiwa, wakamwigiza marehemu hata wanaolia wakajikuta wanacheka. Mwanamke huyu alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mtaa, na hakuniogopa hata kidogo.

Alasiri moja nilisikia kilio kikali mlangoni. Nikadhani mume wangu ameangukiwa na gunia bandarini. Nikatoka nikijishika ukutani, nikamkuta mtani wangu amejibwaga chini, kanga kiunoni, na wanawake wengine wawili wa kwao wanalia naye.

"Uwii! Mtani wangu kafa! Kafa na umri wake!"

"Nani kafa?" nikauliza.

"Maiti anasema!" akamwambia mwenzake. "Hebu mlazeni, mkosa adabu huyu."

Wakanilaza kwenye mkeka uani. Sikuwa na nguvu ya kushindana na watoto, sembuse wao. Mtani akajitanda kanga yangu, akaanza kuniigiza: akatembea ameinama, akashika kikombe kitupu, akanusa, akageuza uso, akashika tumbo akasikiliza. Alinipatia kabisa. Mama mkwe alicheka, akaziba mdomo, akacheka tena. Mimi nililala pale nikijiona kwa macho ya watu kwa mara ya kwanza, na nilitishika. Yule aliyekuwa akiigizwa alikuwa kweli mtu wa kwenda kuzikwa.

Kisha akaamuru chakula cha matanga kipikwe. Walikuwa wamekuja na kila kitu: unga, samaki, nazi iliyokwisha kukunwa. Harufu ya mchuzi ilipopanda, mate yalinijaa na machozi yakanitoka kwa pamoja.

"Marehemu alikuwa na mwiko," mama mkwe akasema, sasa bila kucheka.

"Alikuwa nao alipokuwa hai," mtani akajibu. "Mganga alimfunga mtu hai, hakufunga maiti. Huyu tumeshamlilia, kila mtu Chuno kasikia. Maiti ana mwiko gani?" Akachovya kidole kwenye chumvi, akanijia. "Fumbua kinywa, marehemu."

Nilikaza meno. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote maishani, na kidole kile kilikuwa kidole tu, chenye kovu la kisu. Lakini sikuweza kumkasirikia mtani. Na ndani yangu kulikuwa na kitu kilichokuwa kimechoka kulinda mlango, kikasema: labda ni kweli. Sikuyaamini yote aliyosema. Niliamini kiasi cha kufumbua kinywa.

Chumvi ilinichoma ulimi. Nikalia kwa sauti. Wakanipa tonge moja la ugali na mchuzi wake, wakaniketisha, wakaniangalia. Magharibi iliadhiniwa, tumbo likiwa kimya.

Hadithi ingeishia hapo kama sisi tusingekuwa watu wa kutia chumvi kila kitu. Mtaa mzima uliposikia kwamba nyumba yetu ina matanga ya utani, kila mwanamke akaleta sinia lake, kama inavyofanywa nyumba yenye msiba. Wali, kuku, maandazi, mihogo ya nazi. Nikala. Nilikula kwa mikono miwili, mama mkwe akiniongezea na kumshukuru Mungu, kesho yake vivyo hivyo na keshokutwa pia. Kisha asubuhi moja nikaamka miguu imevimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Moyo ulikuwa unarukaruka, pumzi hazinitoshi. Mama mkwe alipoiona miguu alikaa chini. Sote tulikuwa na neno moja kichwani: mwiko.

Mtani wangu akaitwa. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Mtani," akasema, "mimi nilikuwa nakutania tu." Akaanza kulia, kilio kingine kabisa, kidogo, kisicho na sauti. Hapo ndipo nilipoamini kwamba nakufa.

Mume wangu hakungoja ushauri wa mtu. Alinibeba kwenye baiskeli mpaka zahanati. Tabibu alinibonyeza miguu, akasikiliza moyo, akauliza nimekula nini miezi yote ile. Nilipomweleza alikasirika, akamgeukia mume wangu: "Mtu aliyekaa na njaa hivi hashindiliwi chakula kama gunia! Mwili umesahau kazi. Mtamuua kwa mapenzi." Akanilaza, akaamuru nipewe kidogo, mara nyingi: uji wenye maziwa, yai, maharage yaliyopondwa, samaki kipande. Kikikaa vizuri, ndipo kiongezwe.

Nilirudi nyumbani na hofu mbili badala ya moja. Mganga alisema nikila nitakufa. Tabibu alisema nikila sana nitakufa, na nisipokula nitakufa. Mama mkwe alinipimia kwa kifuu cha nazi, wala hakuongeza hata nilipomwomba, na kuna siku nilimchukia kwa hilo. Kuna siku nyingine nilimwaga uji nyuma ya nyumba, nikarudi nimefuta mdomo. Mtani alikuja kila mchana akaketi mbele yangu, akaonja kwanza kila nilichopewa, akangoja. Hakunichekesha tena. Nadhani na yeye alikuwa akisikiliza tumbo langu.

Uvimbe uliisha polepole. Nikarudishiwa ndizi, na ndizi ilinipa taabu kuliko kuku, maana hiyo nilijikataza mwenyewe na hapakuwa na mtu wa kumwendea anifungulie. Niliikata vipande, nikala kimoja, nikakaa siku nzima nikisubiri adhabu.

Sikumbuki siku niliyopona, kwa sababu nadhani haikuwepo. Ninachokumbuka ni mchana mmoja wa mvua za masika, mume wangu yuko nyumbani kwa kuwa meli haikupakuliwa. Mama mkwe alikuwa amepika wali wa nazi. Alipofika chini ya sufuria akakwangua ukoko, ule mwekundu unaonukia, akauweka wote kwenye sahani ya mwanawe, kama alivyokuwa akifanya tangu yuko mdogo.

"Na mimi?" nikasema.

Hakunisikia vizuri. Mume wangu alikuwa amekwisha kuupeleka mdomoni.

"Na mimi je? Kila siku yeye tu! Mimi nimekaa hapa, nina tumbo kama yeye, nauona ukoko ule, hamnioni?" Sauti yangu ilipanda mpaka nikaishangaa. Nilinyoosha mkono nikamnyang'anya kipande kikubwa, nikakivunja kwa meno.

Mume wangu alibaki amefumbua kinywa. Mama mkwe akaiweka sufuria chini taratibu, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika. Nilijua analia, na nilijua kwa nini. Lakini ukoko ulikuwa wa moto, nami nilikuwa na njaa, basi nikaendelea kutafuna.