Chupa ya Andati Inajua Unavyotembea

"Basi umwambie wewe mwenyewe," nilimjibu Bramwel. "Mdomo unao na miguu unayo. Kwa Andati ni pale tu, ukipita shamba la chai. Mimi simwambii."

"Lakini Kukhu, wewe ndiye rafiki yake."

"Ndiyo maana simwambii."

Bramwel ni mjukuu wangu, mtoto wa kijana wangu wa pili, na Kukhu kwetu ni bibi. Anafanya kazi Kakamega mjini katika duka la fotokopi, na tangu aanze kuvaa tai akija kwangu Shinyalu husimama jikoni kama mtu aliyetumwa kukagua moshi. Hiyo ilikuwa siku ya Alhamisi, Desemba ya mwaka wa tisini na tano. Harusi yake ilikuwa Jumamosi. Kati yetu, kwenye kigoda, ameketi Immaculate, bibi harusi mwenyewe, msichana wa kutoka Likuyani aliyekuja kujaribu gauni kwa fundi kisha akapita kunisalimu. Alikuwa anachambua maharagwe yangu na kujifanya hasikii. Maharagwe yale yale aliyachambua mara tatu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Lusweti, mpiga gitaa, alikuwa amepata kinanda cha umeme, kile chenye ngoma ndani yake, ukibonyeza hapa inalia, ukibonyeza pale inanyamaza. Bramwel akapatana naye aje na kinanda hicho Jumamosi, kiwashwe kwa betri ya gari, na Andati abaki nyumbani na chupa yake. Sasa wote wawili, Lusweti na Bramwel, walikuwa wanatafuta mtu wa kumpelekea Andati habari, na macho yao yakaniangukia mimi kikongwe. Na Andati hajui lolote. Tangu Jumatatu viatu vyake viko kwa fundi vikitiwa soli mpya.

"Kinanda kina ngoma aina arobaini, Kukhu," Bramwel akasema. "Arobaini! Chupa ina aina moja. Wafanyakazi wenzangu watakuja kutoka mjini. Nitawaambia nini? Kwamba tumeleta mzee anakwaruza chupa ya soda kwa msumari?"

"Waambie wanyamaze wasikie."

"Andati ni nani?" Immaculate akauliza.

Mimi mtu akiniuliza swali kama hilo huwa navuta kigoda karibu. Bramwel alijua. Akaangalia saa yake.

"Mwanangu," nikamwambia Immaculate, "wewe umetoka Likuyani, nyinyi kule mna mahindi tu, hujui. Hapa kuna bendi inaitwa Bado Kidogo. Ni watu watatu. Lusweti anapiga gitaa na kuimba. Wa pili ana gitaa pia, lakini kazi yake ni kusinzia bila kukosea. Wa tatu ni Andati, ana chupa. Na wana wimbo mmoja."

"Mmoja tu?"

"Wa pili wangeupatia wapi nafasi? Huo mmoja haujawahi kuisha mapema. Ukiwauliza kama wamemaliza wanakuambia bado kidogo, ndipo jina likawashika. Mwaka fulani waliimba Iguhu, kwenye sherehe ya dada yangu. Walipoanza, kuku wake alikuwa ametamia mayai saba. Wakafika katikati, vifaranga wakatoka. Lusweti akawataja mmoja mmoja."

"Kukhu!" Bramwel akasema.

"Vifaranga sita. Yai la saba lilikuwa viza, lakini nalo lilitajwa, maana hawaachi mtu."

"Kuku hutamia siku ishirini na moja."

"Na wewe ulikuwepo? Hukuwepo. Mtu mmoja alitumwa sukari Kakamega kwa miguu, akarudi, akakuta Lusweti bado yuko kwa majirani wa upande wa juu. Nakwambia, mwanangu, wimbo huo hausikilizwi kama nyimbo nyingine. Unaketi, unakunywa chai yako, unangoja kuitwa. Maana Lusweti anawaimba watu wote waliopo, kila mtu na jina lake na la baba yake, na ukitajwa unasimama, unacheza mpaka pale mbele. Lakini kabla hajakutaja, wewe mwenyewe umeshajijua. Unajua kwa nini?"

Immaculate akatikisa kichwa. Ungo ulikuwa umelala mapajani, amesahau maharagwe.

"Chupa. Andati anapiga vile unavyotembea."

Hapo Bramwel aligeuka akatazama nje, lakini hakubisha. Na ni kweli, katika yote niliyosema siku ile hilo ndilo la kweli kabisa, hata nikiapa. Andati hajasoma, kama mimi. Maisha yake yote amefanya kazi kwenye kituo cha majani chai. Si karani, yeye ndiye anayepokea kikapu mgongoni mwako na kukitundika kwenye mizani. Miaka thelathini na zaidi amesikia watu wakishuka kile kinjia na vikapu vyao, na hainui hata kichwa. Anasema tu, "Huyo ni mama Eugene, leo kikapu chake chepesi," na kweli ni mama Eugene, na kweli kikapu ni chepesi. Mimi goti langu la kushoto ni bovu. Chupa ya Andati ikianza tak, ta-tak, tak, ta-tak, watu wote wananigeukia wakicheka kabla Lusweti hajafungua mdomo. Na mimi nasimama na goti langu. Ningefanya nini?

"Aliipata wapi hiyo chupa?" Immaculate akauliza.

"Dukani kwa Phineas. Mwaka wa sitini na nane Andati alinunuliwa soda ya kwanza maishani mwake. Zile chupa za zamani, zenye mistari ubavuni kama mbavu za mbwa wa maskini. Akanywa, akaambiwa angoje ya pili. Akawa anaikwaruza kwa msumari akingoja, kra-kra-kra, kra-kra-kra. Soda ya pili haijaja mpaka leo, lakini mkwaruzo ulikuja. Akaondoka na chupa. Phineas ana kreti ile mpaka sasa, ina chupa ishirini na tatu na tundu moja. Kila Andati akipita Phineas anatoa kichwa dirishani, 'Andati, chupa yangu.' Na Andati anamwambia nini?"

"Bado kidogo," Immaculate akasema, akacheka mpaka maharagwe yakamwagika.

"Unaona? Huyu ameshika haraka kuliko wewe," nikamwambia Bramwel. "Wewe tulikufundisha miaka ishirini na nne."

"Kukhu, hadithi ni nzuri," Bramwel akasema, na sasa aliongea pole pole kama anayeongea na mteja. "Lakini harusi ni ya siku moja. Nataka muziki unaoanza na unaoisha."

"Huo nao unaisha."

"Unaishaje?" Immaculate akauliza. "Kama watu ni wengi hivyo?"

Hiyo sasa sikuitunga na siwezi kuitia chumvi. Andati alikuwa na mke, Ayuma. Watu husema alimpenda kabla ya kumwona uso, alimsikia tu akishuka kinjia na kikapu. Ayuma alipogundua, wiki nzima alibadilisha mwendo makusudi, leo anachechemea, kesho anaruka kama mbuzi, kumchanganya tu. Siku ya sita Andati alimwambia, "Ayuma, utaumia kiuno, tembea vile unatembeanga, tuoane." Wakaoana. Ayuma alituacha mwaka wa sabini na tisa. Basi tangu hapo, watu wote wakishatajwa, vifaranga na yai viza, chupa inapunguza, inapunguza, inabaki mwendo mmoja, wa pole, wa mwanamke aliyebeba majani mabichi mgongoni. Lusweti hamtaji. Anaachia nyuzi tu. Chupa inatembea peke yake mpaka huisikii tena, na hivyo ndivyo wimbo unavyoisha.

Nilimweleza Immaculate hivyo, kwa maneno machache. Hakucheka.

"Kinanda kinaishaje?" akamwuliza Bramwel.

"Unabonyeza," Bramwel akasema.

Nikainuka. Kaseti yangu naiweka kwenye mkebe wa kakao, juu ya kabati, karibu na cheti cha ubatizo. Redio ilikuwa dirishani, na mawe yake, betri zile, nilikuwa nimeyaanika juu ya bati tangu asubuhi, maana mawe ya redio ukiyaotesha jua yanapata nguvu kidogo. Bramwel alipoona mkebe alishtuka.

"Kukhu, hiyo ni ya nini sasa? Mawe yataisha."

"Ni yangu. Yaishe."

"Hata haisikiki vizuri."

"Utajuaje, na hujaisikia miaka kumi?"

Kaseti hiyo ilirekodiwa hapa hapa uani, mwaka wa themanini na tatu, siku niliyofurahia bati langu. Nyumba yangu ilikuwa ya kwanza upande huu kuezekwa mabati. Watu wengine watakuambia ilikuwa ya nne, ni wivu. Nikarudisha mawe redioni, nikaweka upande wa kwanza, na Bado Kidogo wakaanza. Gitaa likaja kwanza, likizunguka zunguka kama mtu anayetafuta mlango, kisha chupa ikaingia. Immaculate aliinamisha kichwa. Chupa ikapita tak, ta-tak, akanitazama goti, akafunika mdomo.

"Ni wewe!"

"Ni mimi. Wakati huo goti lilikuwa bado jipya."

Wakapita watu wengi pale, wengine wako hai na wengine hawako, na mimi nikawa namwambia, huyu alikuwa mnene, huyu alikuwa amekunywa, huyu viatu si vyake. Yeye akaanza kubahatisha mwenyewe kabla jina halijaimbwa. "Huyu ni mtu mrefu," akasema. Jina likaimbwa, na alikuwa mrefu. Akajipiga mapaja kwa furaha kama ameshinda bahati nasibu. Upande wa kwanza ukakatika na majirani wa chini hata hawajafikiwa.

Nikageuza kaseti. Bramwel akanyoosha mkono.

"Basi, Kukhu, ametosheka."

Nilimpiga vidole na mwiko. Kidogo tu, mwiko ulikuwa na obusuma, ugali wetu.

"Sijatosheka," Immaculate akasema. "Mbona wewe unatoka jasho?"

Upande wa pili ukaanza. Kwanza kelele za vikombe. Kisha chupa ikatoka mbio, tiki-tiki-tiki-tiki-tiki, kama mtu anayeteremka mlima na hawezi kusimama, na kila baada ya muda ikajikwaa, tik, halafu ikaendelea. Lusweti akaimba, "Bramwel, Bramwel wa kijana wa Musimbi," Musimbi ndiye mimi, na kabla hajamaliza, sauti ya mtoto ikapasua redio:

"Ni mimi! Ni mimi huyo! Mzee Andati, rudia! Rudia mimi!"

Na chupa ikarudia. Mtoto akapiga yowe. Chupa ikarudia tena, na safari hii ilijikwaa mara mbili makusudi, na watu wakaangua kicheko, na mtoto akasema, karibu sana na redio, maana ndiye aliyekuwa ameachiwa kuilinda, "Nikioa, Andati atapiga mimi mpaka asubuhi."

Nikaangalia paa. Paa langu ni zuri, la mabati.

Immaculate alikuwa anamtazama yule mtu wa tai pale mlangoni, na uso wake unafanya kazi kubwa ya kutocheka. Bramwel alikuwa anatazama viatu vyake vya mjini.

"Nilikuwa mtoto," akasema.

"Ulikuwa unajikwaa," Immaculate akasema. "Bado unajikwaa. Jana ulijikwaa kwenye ngazi za kanisa."

"Hizo ngazi ni mbovu."

"Bramwel." Akaweka ungo chini. "Jumamosi kinanda chako kitanipigia nini mimi?"

"Aina arobaini, mpenzi. Uchague."

"Kati ya hizo arobaini, mimi niko namba ngapi?"

Redio iliendelea, sasa inaburuta kidogo, mawe yakianza kuchoka, na watu waliokuwa wakitembea ndani ya chupa wakawa wanatembea kama wanaopanda mlima.

"Sitaki kutajwa na kitu kisichonijua," Immaculate akasema. "Kule kwetu hakuna mtu anayeweza kunipiga. Hapa yuko, na wewe unamwachisha. Nenda sasa hivi ukamwambie Lusweti kwamba..."

"Hodi!"

Sote tukageuka. Soli mpya zilisikika kwanza, zikilia kama bata kwenye udongo wa uani, halafu Andati akainamisha kichwa akaingia, shati amechomekea, chupa iko kwapani imefungwa kwa leso ya maua. Hakutusalimu vizuri. Alisimama akasikiliza redio, akatambua ni nani anayepita, akatabasamu kidogo, kisha akafungua leso na kutoa msumari kwenye mfuko wa shati.

"Sikai, Musimbi, kuna majani yananingoja kwa mizani," akasema. "Nimekuja kwa kazi moja tu. Huyu bibi harusi sijawahi kumwona akitembea. Atembee mpaka pale mtungini, arudi."

Bramwel alinitazama mimi. Mimi nikasogeza ungo, njia iwe wazi.

Immaculate akakung'uta maganda kwenye sketi yake, akasimama.