Kiganja cha Fundi wa Rumonge

Tangazo la wakubwa lilikuwa wazi: boti inayofaa ziwa hili ni ile ya mguu wa nje, wenye propela nyuma ya boti, unaoinuliwa penye maji ya kina kifupi; zile zenye shafti, chuma cha kuzungusha propela, chini ya tumbo zipigwe marufuku. Mwamini, ambaye boti yake ya shafti ndiyo iliyolisha nyumba, alimtazama fundi. Fundi hakubishana na mtu. Alifuta vidole, kama afanyavyo kabla ya kugusa injini yoyote, akalaza kiganja kwenye boti mpya ya mguu wa nje waliyokuja nayo wakubwa, akafumba macho.

“Shefu, mupira ya kuzuiya maji kwa huu muguu imepasuka. Maji iko ndani,” fundi alimwambia kiongozi wa wakubwa.

“Mkono wako una macho, baba?” kiongozi huyo alimdhihaki.

Boti ikavutwa mchangani, mpira ukafunguliwa. Maji yakamwagika, pamoja na ndagala mmoja, samaki mdogo wa ziwani, mzima, akirukaruka.

Jioni wakubwa walirudi Bujumbura kwa boti ya Mwamini, ile ya shafti.